Raifu ya 7x57 isiyo na mateke: ninunue risasi gani za kuwindia?

Swali, kwa ufupi: Msomaji wa Rukwa amerithi kwa marehemu baba yake raifu ya Mauser ya 7x57 (kichwa, yaani kile kinachotoka mtutuni, ni cha milimita 7, na ganda lake ni la milimita 57), na umiliki umeshahamishiwa jina lake. Ana leseni ya uwindaji ya mkazi. Anataka swala, ngiri, nyumbu na, akijaliwa, pofu. Bega lake la kulia liliwahi kuvunjika kwenye ajali ya pikipiki, ndiyo maana hataki bunduki yenye mateke. Dukani ameonyeshwa aina tatu: kichwa chepesi chenye ncha kali cha greni 140 (greni ni kipimo cha uzito; 15 ni kama gramu moja), kizito chenye pua butu cha greni 173, na cha shaba tupu ambacho bei yake inakaribia mara mbili ya hivyo vingine. Rafiki mmoja anamwambia achukue shaba kwa kuwa "zinaua zaidi". Mwingine anamwambia auze bunduki anunue .375, bunduki ya wanyama wakubwa. Kisha anauliza kama anaweza kumalizia masanduku ya risasi aliyoyakuta kwenye kabati la mzee.

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa msiba.

Nikupe jibu lenyewe kwanza, maelezo yafuate. Kama unawinda kwenye miombo, ambako mnyama humwona kwa mita 60 au 80 na mara chache 150, chukua zile za greni 173 za pua butu. Hakikisha tu ni za ncha laini, yaani ukitazama puani unaona madini ya risasi ya kijivu yamechungulia nje ya koti la shaba. Zipo za 173 zilizofunikwa koti mpaka puani, na hizo si za nyumbu wala swala. Kama unawinda mbuga za wazi na unajua utalazimika kupiga mpaka mita 200, chukua 140, ila si 140 yoyote. Za shaba ni nzuri, lakini sababu aliyokupa rafiki yako, kwamba "zinaua zaidi", siyo.

Huyo wa .375 tumalizane naye mapema. Raifu ya 7x57 yenye uzito wa kilo tatu na nusu hivi, ikirusha kichwa cha greni 140, hurudi begani kwa nguvu ya jouli 18 hivi. Ukitia 173 inaongezeka kidogo. Bunduki ya .30-06 yenye kichwa cha 180 hufika kwenye 27. .375 H&H yenye kichwa cha 300 hupita 50. Kwa bega lako hilo, unajua mwenyewe itakuwaje. Na hata mwenye bega zima, akishaanza kuiogopa bunduki yake hufumba jicho na kuvuta kidole kwa pupa, risasi ikaenda tumboni. Swala aliyepigwa tumboni kwa .375 hukimbia kilomita vilevile. .375 ina kazi yake, nayo ni nyati na wakubwa wenzake. Kama kibali chako hakina nyati, huna haja nayo. Kikija kuwa na nyati, usimwendee na 7x57, hata kama umesimuliwa habari za Bell.

Maana lazima mtu atakusimulia. W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000 katika maisha yake, wengi wao kwa bunduki ndogo kama hii yako. Ni kweli. Wanachosahau wasimuliaji ni kwamba alitumia vichwa vigumu vya greni 173 visivyochanua, akilenga ubongo, baada ya kupasua mafuvu ya ndovu ili ajue ubongo umekaa wapi hasa. Halafu ndovu wa siku zile walikuwa hawajazoea bunduki, na yeye alikuwa mpigaji ambaye hutapata wa kumlinganisha naye wilayani kwako. Kitu kimoja tu cha kuchukua kwake: kichwa kirefu na kizito cha milimita 7, kikienda kwa mwendo wa wastani, hunyooka na kuzama ndani sana. Hilo bado ni kweli hata kwa nyumbu.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali lako. Watu wengi huchagua risasi kwa uzito na ncha, kwa sababu ndivyo vinavyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kinachoamua ni mwendo wa kichwa kinapomgonga mnyama, ukipimwa na namna kichwa hicho kilivyoundwa. Kichwa cha kawaida ni kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti la shaba. Kikigonga nyama, pua hubonyea, hurudi nyuma, kikachanua kama uyoga, na hapo ndipo kinapofanya kazi. Kikigonga kwa mwendo mkali mno, hakichanui, kinapasuka: koti huku, vipande vya kiini kule, jeraha pana lisilo na kina. Kikigonga polepole mno, kinapita kama msumari na kuacha tundu dogo.

Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alimpiga moose, mnyama wa jamii ya paa mkubwa kama pofu wetu, huko British Columbia, Kanada. Alikuwa na .300 H&H, bunduki ya mwendo mkali. Mnyama alikuwa amejaa matope begani, vichwa vikawa vinapasukia juujuu bila kuingia. Nosler alirudi nyumbani akaunda kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele huchanua, nusu ya nyuma hubaki nzima na kusukuma. Ndicho Partition kinachouzwa mpaka leo. Zingatia chanzo cha taabu yake: mwendo. Bunduki yako haina taabu hiyo. Kichwa cha greni 175 (gramu 11.3) hutoka kwenye mtutu wa 7x57 kwa mita 745 hivi kwa sekunde, za kampuni za Ulaya za 173 huwa juu kidogo. Kwa mwendo huo koti la kawaida, lisilo na ufundi wowote wa ziada, linatosha kushika kiini. Ndiyo maana nakuambia uhifadhi pesa zako. Mwenye bunduki ya kasi lazima anunue kichwa ghali kisipasuke. Wewe hununui usichokihitaji.

Tatizo la 173 ya pua butu ni umbali. Hewa inaikamata. Mpaka mita 180 hivi mwendo umeshuka kufikia 570 kwa sekunde. Ncha laini bado inachanua hapo, lakini njia imeshapinda: ukiwa umerekebisha shabaha kwa mita 100, kwa mita 200 inapiga chini kwa sentimeta 20 hivi. Kwa swala hizo sentimeta 20 ni tofauti ya moyo na hewa tupu chini ya kifua. Kwa hiyo nayo ni risasi ya mita 150, na ndani ya umbali huo sijui kitu kinachoishinda kwa bei yake. Sifa nyingine ambayo wenye duka hawaitaji: haiharibu nyama. Ukipiga swala mbavuni kwa kichwa chepesi cha kasi, unakuta bega zima limevilia damu, unakata na kutupa. Kwa hii unakula karibu mpaka kwenye tundu.

Ile 140 ya ncha kali huanza na mita 810 kwa sekunde, na kwa mita 180 bado ina 690. Kwa mita 200 imeshuka sentimeta 14 hivi. Kwa mbuga ni nzuri sana. Ila ukiinunua ya koti jepesi lililoundiwa paa wadogo wa Ulaya na Marekani, kisha nyumbu akakutokea kwa mita 40 amekukingia bega, hapo ndipo utaona kiini kimeachana na koti kabla ya kufika mapafuni. Kwa 140, basi, toa pesa ya ziada: Partition, au zile ambazo kiini kimeunganishwa na koti kwa joto au kemikali, kama Norma Oryx na wenzake. Muulize muuzaji akuonyeshe boksi usome mwenyewe. Akikuambia "zote ni sawa tu", nenda duka jingine.

Sasa kichwa cha shaba tupu. Hakina kiini wala koti. Ni kipande kimoja chenye shimo puani, na shimo hilo ndilo linalopasua pua kuwa petali nne au zaidi. Hubaki na karibu uzito wake wote, huzama ndani kuliko kingine chochote, na hutoboa upande wa pili mara nyingi, jambo linalosaidia kufuata damu. Lakini kina mambo mawili. La kwanza, shaba ni ngumu kuliko madini ya risasi, kwa hiyo huhitaji mwendo ili kifunguke. Chini ya mita 550 hivi kwa sekunde usikitegemee. La pili, shaba ni nyepesi, hivyo kwa uzito uleule kichwa huwa kirefu zaidi na hula nafasi ya baruti. Kwa bunduki ya mwendo wa wastani kama yako kanuni inageuka: ukienda kwenye shaba, shusha uzito. Shaba ya 140, hata 120, hufanya kazi ya 160 ya kawaida. Shaba nzito kwenye 7x57 ni kulipa zaidi upate tundu dogo.

Sababu ya kweli ya kununua shaba ni meza yako. Kichwa cha madini ya risasi kikichanua hutawanya chembe ndogondogo ndani ya nyama, nyingine mbali na jeraha kuliko macho yanavyoona, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huumia zaidi. Tumbusi wanaokula matumbo tunayoyaacha porini hufa kwa sumu hiyohiyo. Denmark imeshapiga marufuku vichwa vya madini ya risasi kwenye raifu za kuwindia tangu Aprili 2024. Mwendo mdogo wa 7x57 unapunguza chembe, hauziondoi. Kama nyumbani kuna watoto wadogo au mama mjamzito na nyamapori ni kitoweo cha mara kwa mara, mimi ningenunua shaba ya 140 bila kubishana na bei. Kama ni swala mmoja kwa msimu, nunua ile ya 173, kata kwa ukarimu kuzunguka tundu, na hiyo nyama uliyoikata usimpe hata mbwa.

Hakuna risasi itakayokusaidia usipojua pa kuiweka, na hapa nyumbu anahitaji maelezo. Manyoya ya shingoni na lile bega lililoinuka humfanya aonekane ana kifua kinachoanzia juu. Mpigaji mgeni hulenga katikati ya kile anachokiona, risasi inapita juu ya mapafu, nyumbu anaanguka, anaamka, na hapo kazi imeanza. Moyo wake uko chini na mbele. Akiwa amesimama ubavu, fuata mguu wa mbele kutoka chini mpaka theluthi moja ya kimo cha mwili, usizidishe, na weka hapo hapo kwenye mstari wa mguu. Wanaosoma vitabu vya Wamarekani hulenga nyuma ya bega, kwa sababu paa wao mapafu yamekaa nyuma kidogo. Kwa wanyama wetu hapo nyuma unaanza kukaribia ini na tumbo. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, atakuwa karibu. Damu nyeusi nzito ni ini. Kaa chini, mpe muda. Majani ya kijani kwenye damu ni tumbo: mwambie askari wa wanyamapori mliye naye mjipange kwa siku nzima.

Na kuna tabia naiona sana, hasa kwa sisi tunaotaka kuwahi kuchinja: mtu analenga mguu au shingo makusudi ili amkute mnyama hai. Usifanye. Mguu unakupa mnyama anayekimbia kwa miguu mitatu mpaka usiku, na shingo ni kitu chembamba kinachotikisika. Masuala ya bismillah wakati wa kupiga muulize shekhe wako, lakini mahali pa risasi ni palepale kifuani.

Pofu nitamsema kwa kifupi. Dume hupita kilo 700. Uliza kwanza ofisi ya wanyamapori ya wilaya kama raifu hii inaruhusiwa kwake kwenye kibali chako, na waliyosema ndiyo mwisho. Ikiruhusiwa, hapo ndipo Partition ya 175 au shaba ya 140 inalipa gharama yake, ndani ya mita 100, akiwa amekaa ubavu kamili. Akiwa amegeuka nusu, mwache aende.

Kabla ya kununua chochote, isome bunduki. Mtutuni kumeandikwa 7x57, au kama ni ya Uingereza .275 Rigby, ambayo ni risasi ileile. Kwenye rafu kuna 7x57R, yenye ukingo kitakoni, kwa ajili ya bunduki za kukunja, haikuhusu. Kuna 7x64 na 8x57 pia, na boksi zake hufanana. Usinunue kwa mazoea. Halafu mpelekee fundi bunduki aliyesajiliwa aitazame bolti (komeo la nyuma ya mtutu) na chemba (pale risasi inapokaa). Risasi hii ni ya mwaka 1892, na Mauser za mwanzo, za 1893 na 1895, hazikujengwa kubeba nguvu inayobebwa na zile za muundo wa 1898, zenye jino la tatu la usalama nyuma ya bolti. Kama ya mzee ni ya zamani hizo, kaa kwenye risasi zilizopakiwa kwa upole. Za viwanda vya Marekani hupakiwa kwa upole kwa sababu hiyo hiyo. Za Ulaya mara nyingi ni kali zaidi. Fundi akutazamie na magazini: bunduki nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa pua butu, na hizo huingia kwenye chemba kwa ulaini ambao ncha kali wakati mwingine haina. Msokoto wa mtutu, yaani mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa, wa kawaida kwa hizi, mzunguko mmoja kwa milimita 220 hivi, unamudu vichwa vyote tulivyovitaja.

Ukishachagua, nunua maboksi yenye namba ileile ya toleo, kwa idadi ambayo leseni yako inaruhusu. Nenda uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga tatu tatu kwa mita 100. Raifu ya umri huo ikikupa tatu ndani ya sentimeta saba au nane, inatosha kwa kila mnyama uliyemtaja. Usichanganye aina: 140 na 173 hazipigi mahali pamoja hata kidogo, na mtu anayeingia porini na boksi mbili tofauti mfukoni anajitafutia matatizo. Ukitaka kujua kichwa kinachanuaje, panga madumu ya lita tano yaliyojaa maji, moja nyuma ya jingine kwa mstari, piga kutoka umbali unaowindia, kisha kiokote. Kipeleke kwa sonara akipime kwenye mizani yake. Kama cha 173 kilichoanza na gramu 11.2 kimebaki na saba na ushei na kimechanua vizuri, huna sababu ya kununua kingine. Kama umeokota koti tupu, rudisha boksi lililobaki kama duka linakubali, ujaribu nyingine.

Kuhusu yale masanduku ya mzee. Yatoe yote kwenye mwanga, geuza risasi moja moja. Yenye kutu ya kijani, au ganda lililopasuka shingoni, au kichwa kinachozunguka ukikishika kwa vidole, usiyaweke kwenye chemba. Yapeleke polisi pale pale leseni yako ilikopita, wayaharibu wao. Yaliyo safi, kama ni ya kijeshi ya zamani, huenda fataki zake (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) ni za aina inayoacha chumvi mtutuni, na chumvi hiyo huvuta unyevu ikaula mtutu kwa siku chache tu. Mafuta peke yake hayaiondoi. Ukilazimika kupiga hata moja, siku hiyohiyo mwagia mtutu maji ya moto, ukaushe kwa kitambaa mpaka kitoke kikavu, ndipo upake mafuta. Lakini hizo za kupigia dumu la maji. Porini nenda na mpya.